Kilwa Kisiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kilwa ni ipi hasa? Mbona ziko tatu?

Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenyewe, palipo na magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Kilwa Masoko ni mji ulio bara, ng'ambo ya mlango wa bahari wenye upana wa kama kilomita 2. Ndiyo makao makuu ya wilaya na ndipo mashua za kwenda kisiwani zinapopatikana. Kilwa Kivinje iko kaskazini zaidi, bara pia, na ni mji uliokua katika karne ya 19.

Kujua tofauti hii kunasaidia sana unaposoma historia. Habari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, na za Wareno zikitaja Kilwa, zinasema Kisiwani. Habari za misafara ya pembe na watumwa ya miaka ya 1800, au za Wajerumani na kunyongwa kwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, ni za Kivinje. Makosa mengi yaliyomo kwenye maandishi ya haraka haraka yanatokana na kuzichanganya hizi mbili.

Na Songo Mnara ndiyo Songo Songo?

Hapana. Songo Mnara ni kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, chenye magofu ya mji wa mawe uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Songo Songo iko mbali upande wa kaskazini, na ndiko inakotoka gesi asilia inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2004. Ukimwambia nahodha "nipeleke Songo" bila kumalizia jina, atakuuliza tena, na ana haki.

Kisiwa kimekaaje?

Kipo karibu na nyuzi 9 kusini ya ikweta, mkoa wa Lindi, zaidi kidogo ya kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam kwa barabara. Ni kisiwa cha chini, cha mwamba wa matumbawe ya kale uliofunikwa na udongo usio na kina kirefu. Hakina mto hata mmoja. Maji ya kunywa yamekuwa yakitoka visimani tangu mji ulipoanza, na ndiyo maana ukitembea magofuni utakuta visima vingi vilivyochongwa na kujengewa kwa mawe. Mvua ikinyesha, maji hupenya mwambani na kukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi. Kisima kikichimbwa kina kupita kiasi, au maji yakitekwa kwa pupa, chumvi hupanda. Wachimbaji wa zamani walilijua hilo. Visima vyao havizidi kina kinachohitajika.

Pembeni kuna mikoko, hasa kwenye vihori vilivyotulia. Kati ya kisiwa na bara bahari ni ya kina kirefu, kwa sababu mlango huo ni bonde la kale lililofunikwa na bahari ilipopanda. Visiwa na miamba ya nje huzuia mawimbi. Kwa hiyo ndani kuna bandari tulivu ambamo merikebu kubwa inaweza kutia nanga karibu na ufuko. Pwani yetu ina visiwa vingi vizuri, lakini bandari kama hii ni chache.

Kwa nini kisiwa kidogo namna hii kilitawala biashara ya pwani?

Kwa sababu ya bandari hiyo, na zaidi ya yote kwa sababu ya upepo.

Kaskazi huvuma kati ya Novemba au Desemba na Machi, ikasukuma majahazi kutoka Arabuni na Gujarati hadi kwetu. Kusi huanza Aprili na kuyarudisha. Katikati kuna kipindi cha tanga mbili, pepo zinapobadilishana na bahari haina msimamo. Juni na Julai kusi huwa kali mno, na bandari za magharibi mwa Bara Hindi hazikuweza kupokea vyombo. Nahodha alilazimika kuondoka mapema, mara kusi inapoanza, au kungoja hadi karibu na mwisho wake, Agosti au Septemba.

Sasa angalia ramani. Kadiri unavyoshuka kusini, kaskazi inapungua nguvu na inachelewa. Chombo kilichotoka ng'ambo kiliweza kufika Kilwa, kuuza, kununua na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Kikijaribu kufika Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo iliyo karibu na nyuzi 20 kusini, kilikosa upepo wa kurudi na kubaki huko msimu mzima. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilikuwa inashukia Sofala. Kwa hiyo aliyekaa Kilwa alikuwa na kazi ambayo mgeni hakuiweza kwa faida: kutuma vyombo vyake Sofala, kurudi na dhahabu na pembe, na kuwa na mzigo tayari ghalani merikebu za kaskazi zinapoingia. Utajiri wa Kilwa ulikuwa wa ushuru na wa kuhifadhi mzigo. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa hapa hata chembe.

Ushahidi upo pande zote mbili. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe wa huko bara, na kisiwani kwenyewe zimefukuliwa kauri za China, vyombo vya Uajemi na shanga za kioo. Pia vimepatikana vigae vilivyotobolewa katikati vya kusokotea uzi wa pamba, jambo linaloonyesha kwamba Kilwa haikukaa tu kungoja nguo za Kihindi. Ilisokota na kufuma yenyewe.

Nani alianzisha mji? Ni kweli ni Washirazi?

Kuna masimulizi, na kuna yaliyomo ardhini. Yote mawili yana thamani, lakini yasipewe kazi moja.

Habari za Kilwa zimetufikia kwa matoleo mawili: moja la Kiarabu, na lingine la Kireno lililoingizwa na mwanahistoria Mreno João de Barros katika historia yake iliyochapwa 1552. Zinasema kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shirazi, mji wa Uajemi, alinunua kisiwa kwa mtawala mwenyeji kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenyeji alikusudia kurudi kupitia njia ya maji kupwa, na wageni wakachimba mkondo ili asivuke kwa miguu. Simulizi hili linaeleza haki ya kutawala: kisiwa hakikuporwa, kilinunuliwa.

Udongo unasema kwamba watu waliishi hapa tangu takriban karne ya 8 au ya 9, wakifua chuma, wakivua, wakikaa nyumba za miti na udongo, na kutumia vyungu vya aina ileile iliyoenea pwani yote na bara pia. Huo si mji wa wahamiaji walioshuka merikebuni wakiwa na kila kitu. Uislamu na ujenzi wa mawe vilikuja juu ya jamii iliyokwishakuwepo.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, wa watu 80 waliozikwa hasa katika miji ya pwani ikiwemo Kilwa na Songo Mnara, uliongeza jambo zito. Wengi wa waliochunguzwa walionekana wana asili ya Kiafrika iliyotoka hasa kwa akina mama, na asili ya Asia, kubwa yake ikiwa ya Uajemi, iliyotoka hasa kwa akina baba. Kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000. Anayesema Washirazi ni hadithi tupu amekosea. Anayesema Kilwa ni koloni la Waajemi amekosea zaidi, kwa sababu lugha, vyungu, vyakula na ukoo wa mama vilibaki vya hapa.

Ali bin al-Hasan alitawala lini basi?

Masimulizi yakipigiwa hesabu yanaangukia karne ya 10. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyefukua kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alimweka karibu na mwaka 1200, akitegemea tabaka zilimopatikana sarafu zenye jina hilo. Kisha mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, likapatikana fungu la sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha. Ndani yake mlikuwa na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan pamoja na dinari za Wafatimia, watawala wa Misri, za karne ya 11. Tarehe ya Chittick ikasogezwa nyuma.

Tatizo la sarafu za shaba za Kilwa ni kwamba haziandikwi mwaka wala mahali zilipopigwa. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinafungana kwa vina kama beti. Ni nzuri kuzisoma na ngumu kuzipangia tarehe.

Zile sarafu za Kilwa zilizopatikana Australia ni za kweli?

Ndiyo, sarafu ni za kweli. Sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na za Kiholanzi. Kuwepo kwa hizo za Kiholanzi mahali hapohapo ni sababu tosha ya kutodai kwamba majahazi ya Kilwa yalifika huko. Sarafu husafiri mikononi mwa watu wengi.

Ibn Battuta aliona nini?

Alifika 1331, wakati wa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Alieleza mji mzuri, watu weusi wenye chale usoni, dini yao thabiti katika madhehebu ya Shafii, na nyumba za miti.

Hayo ya miti yanawasumbua wasomaji, kwa kuwa msikiti na kasri la mawe vilikuwepo. Hakuna mgongano mkubwa: nyumba za kawaida zilikuwa za miti na udongo, na mawe yalikuwa ya ibada na ya mfalme. Mji wa nyumba nyingi za mawe ulishamiri baadaye.

Nikifika, nianze wapi?

Mashua itakushusha karibu na Gereza, ngome unayoiona tangu ukiwa Masoko. Jengo la sasa ni la Waomani, la takriban mwaka 1800, lakini ndani yake mna sehemu za ngome ya Wareno ya 1505. Jina "gereza" lilitoka kwenye neno la Kireno la kanisa, ndiyo maana ngome nyingi za pwani zinaitwa hivyo hata pale ambapo hakuna aliyefungwa.

Nyuma yake ni Msikiti Mkuu. Usiingie na kutoka kwa dakika 5. Sehemu ya kaskazini, yenye mihrabu, ndiyo ya kale, ya karne ya 11 na 12. Upande wa kusini ni upanuzi wa karne ya 14, uliofunikwa kwa kuba na matao. Mafundi wa mwanzo waliuinua juu ya nguzo za jiwe moja moja la tumbawe. Zikaanguka. Katika karne ya 15 zikajengwa nguzo za pembe nane kwa vipande vya mawe na chokaa, na hizo ndizo unazoziona. Sababu inaeleweka ukikumbuka umbo la kuba: haisukumi chini tu, inasukuma na kando. Nguzo nyembamba ya tumbawe hubeba uzito wa wima vizuri, lakini ikisukumwa ubavuni huvunjika.

Karibu upo msikiti mdogo wa kuba, unaosimama karibu kamili. Magharibi ni Makutani, kasri la karne ya 18 lenye ukuta mnene. Jenga mazoea ya kutazama upana wa vyumba: karibu vyote havizidi mita 3. Dari ilikuwa ya boriti za mikoko zenye mawe na chokaa juu yake, na boriti ndefu zaidi ya hapo hupinda kwa uzito. Aliyetaka chumba kipana alihitaji nguzo, matao au kuba, na kuba ilikuwa ghali.

Husuni Kubwa iko mbali? Inafaa kuifuata?

Iko mashariki, juu ya ukingo unaotazama bahari, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu au dakika chache kwa mashua. Ifuate hata ukichoka. Ilijengwa na al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14: vyumba zaidi ya 100, nyua, ghala za mizigo, ngazi za kushukia bahari, na birika la kuogea lenye pembe nane. Jina la sultani huyo lilipatikana likiwa limechongwa kwa Kiarabu katika jiwe. Kasri halikumalizika na halikukaliwa muda mrefu. Ibn Battuta anasimulia kwamba Daud, ndugu aliyemrithi, hakuwa na mkono wazi kama yeye. Husuni Ndogo iko jirani, ng'ambo ya korongo dogo, nayo ni boma la ukuta mnene lenye minara.

Kilwa ilianguka vipi?

Watu wanapenda jibu la siku moja: 24 Julai 1505, Mreno Francisco de Almeida alipoteka mji na askari wake kupora. Siku hiyo ilikuwa ya msiba, lakini mambo yalianza kabla. Karne ya 15 ilishuhudia ugomvi wa urithi, huku Mombasa na Malindi zikipanda. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitengenezwa chombo cha ibada kilichokamilika 1506 na kilichopo Lisbon hadi leo.

Baada ya kuuteka mji, Wareno walimtawaza mtu wao, wakajenga ngome, na kuondoka 1512. Waliondoka kwa sababu walikuwa wameishika Sofala yenyewe. Kilwa ilitajirika kwa kuwa kati ya dhahabu na wanunuzi. Aliyeikamata Sofala kwa merikebu zilizozunguka Afrika kutoka kusini hakuuhitaji tena mnyororo wa kaskazi na kusi. Mji ukabaki na bandari yake nzuri bila biashara iliyoipa maana.

Hata hivyo watu hawakutoweka. Barua za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizohifadhiwa Goa, ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa tuliyo nayo. Karne ya 18 mji uliinuka tena, mara hii kwa biashara ya kuuza watu. Mwaka 1776 sultani alifanya mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice wa kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Ukitembea Makutani, kumbuka fedha iliyonyanyua zile kuta. Waomani walikuja baadaye katika karne hiyo. Mnamo miaka ya 1840 sultani wa mwisho aliondolewa, na biashara ikahamia Kivinje.

Kuta zilijengwa kwa vifaa gani hasa, na leo zinakarabatiwa vipi?

Kuna mawe ya aina mbili. Jiwe la mwamba, gumu na lenye mashimo, lilitumika kwa kuta. Tumbawe lililokatwa baharini lilitumika kwa mihrabu, vizingiti na nakshi, kwa sababu likiwa bichi ni laini na huchongeka, kisha hukauka na kuwa gumu.

Chokaa ilichomwa palepale. Magogo hupangwa duara, vipande vya mawe ya matumbawe huwekwa juu, na moto huwashwa kutoka katikati. Joto linahitaji kufika karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Likipungua, mawe hubaki na kiini kibichi, na chokaa hiyo itaota vijipu ukutani baadaye. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji, yakachemka na kusambaratika, kisha chokaa huachwa na unyevu kwa wiki kadhaa, na miezi ni bora zaidi. Kwa kupaka au kujengea, fungu 1 la chokaa huchanganywa na mafungu 2 hadi 3 ya mchanga.

Makosa mawili yameharibu kuta nyingi pwani. La kwanza ni mchanga wa ufukweni usiooshwa: chumvi yake huloa na kukauka kila msimu, fuwele zake zikibomoa lipu kutoka ndani. La pili ni saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Maji ya mvua yaliyoingia juu hayatoki, hutafuta njia kupitia jiwe, na jiwe humong'onyoka huku kiraka cha saruji kikibaki kizima kama ganda. Ukiona ukuta wa namna hiyo, umeona ukarabati uliofanywa kwa haraka.

Miti nayo ina kanuni yake. Mtini uliootea ukutani using'olewe. Mizizi imekwishakuwa sehemu ya ukuta. Ukiuvuta, unashuka na mawe. Shina hukatwa, mizizi huachwa ife taratibu, na nafasi zake hujazwa chokaa.

Si walisema magofu yako hatarini?

Yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO 1981, pamoja na Songo Mnara, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: mawimbi yalikuwa yanakula ufuko chini ya Gereza na Makutani, mvua na mimea vikibomoa kuta. Kuta za kuzuia mawimbi zilijengwa, mikoko ikapandwa, magofu yakaimarishwa, na 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo. Bahari haijaacha kula ufuko. Mikoko ikikatwa mahali pamoja, mawimbi huhamia pale.

Niende mwezi gani, na nijiandae vipi?

Juni hadi Oktoba ni kipindi cha ukavu. Julai na Agosti kusi huchafua bahari mchana, hivyo vuka asubuhi. Desemba hadi Februari ni joto kali. Masika, Machi hadi Mei, majani huficha nusu ya magofu na njia huteleza.

Pata kibali Kilwa Masoko kabla ya kwenda bandarini, kisiwani hakitolewi. Kuvuka kwa mashua ya mashine huchukua chini ya nusu saa. Kilwa Kisiwani pekee inahitaji saa 4 hadi 5 ukiingiza Husuni Kubwa. Songo Mnara ipe siku yake, na panga safari kwa kufuata maji. Wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kama mita 3. Ukifika maji yakiwa yamekupwa, utatembea matopeni kati ya mikoko hadi magotini, na ukichelewa kurudi mashua itakaa mchangani hadi maji yajae, saa 6 nzima. Mwulize nahodha saa ya kujaa kabla ya kukubaliana saa ya kuondoka.

Beba maji lita 2 au 3 kwa mtu, viatu vinavyoweza kuloa, na nguo ya kufunika mabega na magoti, kwani unapita katikati ya kijiji cha watu wanaoishi, wanaovua na kulima. Misikiti mingine iliyo gofu bado inaheshimiwa, na makaburini watu huja kuomba. Usipande juu ya kuta wala usiokote kigae, hata kidogo: kigae kikiondoka mahali kilipolala, tabaka lake haliwezi tena kukipa tarehe.